Mkate wa Siku ya Mgao

Alhamisi, Ngara mjini. Upepo, vumbi, na baridi isiyo na adabu.

Leo nimekalia viti vitatu tofauti hapa kwa jamaa wa intaneti. Cha kwanza kilikuwa kinatazamana na mlango, kila anayepita ananichungulia. Cha pili, kompyuta yake haikubali herufi A mpaka uigonge kwa hasira. Hiki cha tatu hakina kasoro yoyote, na bado natamani kuhama. Kumbe tatizo si kiti.

Tangu juzi situlii. Nikikaa nataka kusimama, nikisimama nataka kutembea, na nikitembea najikuta nimefika pale magari ya Ntobeye yanapopakia abiria. Hapo nageuka haraka kabla kondakta hajaniuliza kama naenda. Mama ameniuliza kama nina minyoo.

Wanaosoma hapa siku zote wavumilie nirudie. Mimi ni mshauri wa biashara ndogondogo. Mradi umeniajiri niwasaidie wenyeji wa Ngara na Biharamulo kuanzisha shughuli zao, maana wakimbizi wa Burundi wanarejea kwao na hakuna anayejua tutaishi vipi wakishamaliza kuondoka. Nina cheti. Nina begi lenye nembo ya mradi. Nina vipindi sita vya mafunzo ambavyo ukiniamsha usingizini nitakufundisha bila kufumbua macho. Kitu ambacho sina ni biashara. Sijawahi kuuza hata kiberiti.

Hilo la mwisho huwa silisemi kwenye semina.

Nyumbani wananicheka kwa hilo. Babu alikuja huku kutoka Pangani na marobota ya nguo, akaoa, akabaki. Baba akaendelea na duka, na alipofariki Mama akalishika, vitenge, kanga na shuka, mpaka leo. Siku nilipoleta cheti changu Mama alikisoma mstari kwa mstari, akakirudisha kwenye bahasha, akauliza, "Kwa hiyo siku hizi kuna watu wanasomea kuuza?" Kisha akaenda kupima kitenge cha mteja.

Haya. Nimezunguka vya kutosha.

Ninayetaka kumwandika ni Mama Adela wa kijiji cha Ntobeye. Ni mkulima, ana miaka arobaini na kitu, Mkatoliki wa kwenda misa hata ikinyesha mvua ya mawe. Nikifika kwake nampa shikamoo, naye ananiitikia "Marahaba, Mwalimu," kwa heshima inayonifanya nitazame nyuma kuona mwalimu mwenyewe yuko wapi.

Kuoka mkate alifundishwa na Spesi, mwanamke wa Burundi aliyekuwa na tanuri lake la udongo sokoni, kwenye kambi ya wakimbizi. Walianza kwa kubadilishana, Mama Adela anapeleka ndizi, Spesi anampa unga wa mgao, ule wa msaada. Kihangaza cha wenyeji wa huku na Kirundi ni ndugu wa damu, hivyo hawakuhitaji mkalimani. Ndizi zikaleta mazungumzo, mazungumzo yakaleta urafiki, na baada ya miaka Mama Adela akawa anaumua unga kumshinda mwalimu wake. Wanaoka kwenye makopo ya mafuta ya msaada yaliyokatwa ubavu, kwa hiyo mkate wao una pembe kama tofali. Ni mtamu lakini. Niliumaliza mmoja peke yangu siku ya kwanza, nikasema ni kwa ajili ya tathmini.

Spesi alirejea kwao na msafara wa mwezi wa sita. Mama Adela alibaki na ujuzi, na mimi nikabaki na fomu.

Alitaka tanuri lake mwenyewe, kando ya barabara, gari liweze kusimama na kupakia. Kando ya barabara palikuwa na migomba. Na migomba ile haikuwa yake, ilikuwa ya mama mkwe wake, aliyeipanda kwa mikono yake mwaka alioolewa. Mtu wa mjini kama mimi anaona mgomba anaona mkungu. Pale Ntobeye mgomba ulio mlangoni ni mtu wa nyumbani. Unapewa majivu, unapewa maganda, unasemeshwa.

Bibi huyo alikataa. Mama Adela akaniomba nikaseme naye.

Nilikwenda na karatasi zangu. Niliketi mkekani, nikamchorea Bibi tanuri, nikamchorea barabara, nikamchorea soko la kambini limejaa vichwa vya watu, vidoa vidogo vidogo kwa kalamu ya bluu. Aliitazama ile picha muda mrefu sana. Akasema, "Wewe ni mtoto wa dukani. Kama wewe unasema ni biashara, mimi nibishe nini." Migomba kumi na miwili ikakatwa Jumatatu iliyofuata. Bibi aliingia ndani akafunga mlango mpaka mapanga yalipomaliza.

Sasa niseme lile.

Wiki mbili kabla ya siku ya kufungua, tulikuwa na kikao ofisini. Bosi wetu, mtu mpole anayeongea kama anahesabu maneno yake, alituambia kwamba misafara itaongezwa, na kwamba mgao unaofuata ndio wa mwisho kufanyika pale kwa mtindo tuliouzoea. Baada ya hapo soko la kambini litafungwa. Nilikuwa na daftari mkononi. Niliandika: SOKO KUFUNGWA. Nikapigia mstari.

Tanuri lilikuwa limekwisha. Migomba ilikuwa imekwisha. Na robo mwaka ilikuwa inakwisha.

Nina wateja watatu. Mfugaji nyuki wa Nemba alikuwa bado anasubiri mizinga yake. Fundi viatu wa Bukiriro alikuwa ameghairi, amekwenda kulima. Aliyebaki tayari ni Mama Adela peke yake, na kwenye taarifa yangu kulikuwa na mstari unaouliza ni biashara ngapi zimefunguliwa. Mstari ule ndio ulionimaliza. Nilijiambia, afungue kwanza siku hiyo moja ya mwisho. Auze siku moja vizuri, apate moyo, halafu nitamwambia taratibu, tutatafuta soko lingine pamoja. Niliipamba hoja hiyo mpaka ikafanana na wema.

Ukweli ni kwamba nilitaka picha ya kuambatanisha kwenye taarifa.

Mgeni atashangaa kwa nini Mama Adela mwenyewe hakuuliza maswali. Huyo hajaishi huku. Miaka yote hii wilaya nzima imehesabu siku kwa mgao. Siku ya mgao kambini ndiyo siku unga na maharage yanapotoka kwa wingi, ndiyo siku wakimbizi wanapotaka ndizi, chumvi, nyama, vitenge. Mama anaagiza mzigo kwa mgao. Mafundi wanaahidi kwa mgao. Adela, binti yake Mama Adela, alizaliwa siku mbili baada ya mgao, na ndivyo anavyojibu ukimuuliza, tarehe aliyoandika padri haikumbuki. Kwa hiyo nilipomwambia tufungue siku ya mgao, alinitazama kama nimesema tupike kwa moto. Siku nyingine ipi?

Jumanne, yaani juzi, nilifika Ntobeye alfajiri na pikapu ya mradi. Harufu niliikuta barabarani kabla ya nyumba. Mama Adela alikuwa amefunga kitambaa cheupe kichwani, mikono imejaa unga mpaka kwenye viwiko, na mikate mia na sitini imepangwa kwenye matenga, juu imefunikwa majani ya mgomba. Nikampiga picha mbele ya tanuri. Alicheka vizuri mno kwenye picha ile. Ningependa kuifuta.

Bibi alitoka nje, akanusa, akauliza kwa wasiwasi kabisa, "Nani amelazwa?"

Mama Adela akamjibu kwa Kihangaza, wote wakacheka. Mimi nilidhani ni utani wa nyumbani, nikapanda gari.

Tulipokaribia kambi kulikuwa na malori, mengi, yamepangwa upande mmoja wa barabara, na watu wamekaa juu ya magodoro yao wakisubiri kuitwa. Soko hatukuliona. Namaanisha hatukuliona kwa sababu halikuwepo. Nguzo zilikuwa zimeng'olewa, maturubai yameondoka, pale palipokuwa na tanuri la Spesi kuna kifusi chekundu. Mlinzi wa kizuizi cha barabarani alikuja dirishani, mtu mzima, akasema soko limefungwa tangu Jumamosi, na mgao wameutoa pamoja na chakula cha njiani, kila mtu kwa orodha ya lori lake. Akasema pole. Akasema tugeuze gari.

Hata ile siku moja niliyojiwekea sikuipata.

Mama Adela alishuka, akatembea hatua kama kumi, akasimama anatazama kifusi. Nilibaki garini nikijifanya natafuta kalamu. Nilikuwa na hasira na Jumamosi, na walioamua Jumamosi, na mlinzi kwa pole yake, na dereva kwa kuzima redio. Kila mtu nilimkasirikia isipokuwa aliyestahili.

Aliporudi nilikuwa nimekwisha pata mpango, maana mimi kwa mipango sijambo. Tuuze njiani, kijiji kwa kijiji. Nilishuka kwenye kila kituo na tenga, nikapiga kelele, "Mkate! Mkate wa chai!" Watu walikuja, wakafunua majani, wakasifu. Kisha wakauliza nani anaumwa. Mama mmoja aliyebeba kuni alinishika mkono, akaniuliza kama aliyelazwa ni mzazi wangu. Nikasema hakuna aliyelazwa, huu ni wa kula tu. Akanitazama kwa huruma zaidi.

Hapo ndipo nilipoelewa kicheko cha alfajiri. Sisi mjini tunakunywa chai na mkate toka tukiwa na meno mawili. Huko vijijini asubuhi ni viazi, au mihogo, au ndizi za jana zilizopashwa. Mkate unanunuliwa kumpelekea mgonjwa. Mtu mzima mwenye afya akionekana anatafuna mkate barabarani, watu watataka kujua ana nini. Mkimbizi alikula kwa sababu unga wa ngano ulikuwepo na kuni za kupikia maharage hazikuwepo. Mwenyeji hali. Miezi saba nimemshauri mwanamke huyu kuhusu mkate, nimemfundisha soko ni nini, na sikuwahi kumuuliza swali hilo moja, majirani zako wanakula mkate lini?

Naye hakuwahi kuniambia kwa sababu alidhani kila mtu anajua. Nani asiyejua kazi ya mkate?

Tulikuwa tumeuza minne. Nikaanza kusema juu ya kushusha bei. Mama Adela akanikatiza, kwa upole, mara ya kwanza tangu tufahamiane.

"Mwalimu, kama mkate ni wa mgonjwa, si tuupeleke waliko wagonjwa?"

Nikamwambia hatujafanya uchunguzi wa soko hilo. Naapa nilisema hivyo. Yeye alikuwa amekwisha panda nyuma, amekaa katikati ya matenga, anamgongea dereva kwenye paa aondoe gari.

Tulifika hospitali saa ya mchana ya kutazama wagonjwa. Getini kulikuwa na akina mama wenye chupa za uji, wenye vikapu, wenye watoto mgongoni, waliotembea toka alfajiri. Mama Adela hakupiga kelele hata moja. Alitandika kanga, akapanga mikate, akawa anasalimia watu kwa majina ya vijiji vyao. Alimuuliza kila mmoja ana mgonjwa gani kabla ya kumuuliza anataka mkate. Mimi kwenye kipindi cha tatu nafundisha "mjue mteja wako". Nina mchoro wake, una mishale.

Babu mmoja wa Bukiriro aliubonyeza mkate kwa dole gumba, akatikisa kichwa. Mke wake yuko wodini, hana meno, pembe hizi atazifanya nini? Mama Adela akachukua kisu akazikata pembe zote nne, akampa moyo wa mkate peke yake, akamsikiliza mpaka mwisho kuhusu mke wake na mguu wake. Babu alipoondoka, Mama Adela alibaki anazitazama zile pembe kwenye kiganja. Akasema, kwangu au kwa nafsi yake, "Uwe mdogo. Wa mviringo. Wa mgonjwa mmoja."

Nisidanganye kwamba tuliokoka. Tuliuza kama sabini. Geti lilipofungwa tulibaki na zaidi ya nusu ya mikate, na ni mikate isiyoweza kungoja. Na geti la hospitali si soko la kambi. Wagonjwa, namshukuru Mungu, si wengi kama walivyokuwa wakimbizi. Tanuri lile lilijengwa kwa ajili ya mikate mia na sitini kwa mpigo. Sijui kama litaweza kulisha nyumba kwa ishirini ya kila siku, na yeye hajui, na migomba haisimami tena kwa kuombwa.

Tulirudi sote watatu tumebanana mbele, maana nyuma vumbi lilikuwa kali. Mama Adela alikuwa katikati. Njiani akasema, akitazama barabara:

"Spesi aliniambia nisijenge. Alisema watu wote tutaondoka, soko litakufa, utawaokea nani? Nikamwambia hapana. Nina mwalimu wa ofisini, huyo habari zote zinapita kwake. Ingekuwa hivyo angeniambia."

Dereva akabadilisha gia ambayo haikuhitaji kubadilishwa. Yeye alikuwepo kwenye kikao kile, alikaa karibu na mlango.

Mama Adela akageuka. Akanitazama usoni, bila ukali wowote.

"Mwalimu, ulikuwa unajua?"

Nikasema hapana.

Nilisema haraka, na nilisema vizuri, kama mtu aliyejiandaa. Hata nikaongeza kwamba na sisi ofisini tumeshtuka. Yeye akanipigapiga goti, akasema, "Nilijua tu kwamba hukujua." Akanifariji njia nzima iliyobaki. Mimi! Aliniambia nisijilaumu, mipango ya wakubwa haisemwi kwa wadogo. Tulipofika aliniwekea mikate sita niwapelekee nyumbani.

Jana nilipeleka taarifa. Biashara zilizofunguliwa: moja. Nikaambatanisha picha. Bosi aliitazama akasema hiki ndicho tunachokitaka, mwanamke, tanuri, tabasamu, na akaiweka juu ya nyingine zote. Nilikwenda chooni nikanawa uso mara mbili. Nilirudi nikakunywa chai ya ofisi. Ilishuka vizuri tu, hilo ndilo lililoniogopesha.

Na leo saa nne dereva akaja dukani kwa Mama na kifurushi cha majani ya mgomba yaliyofungwa kwa kamba ya mgomba. Ndani mkate mmoja mdogo, wa mviringo. Sijui Mama Adela aliuokea kwenye nini, labda kwenye bakuli, labda alifinyanga kwa mikono tu. Ujumbe wa mdomo: mwambie Mwalimu auonje, aseme kama ni laini kiasi cha asiye na meno. Anachosubiri ni neno langu. Akilipata ataoka ishirini ya kupeleka getini Jumamosi.

Anasubiri neno langu. Bado.

Dereva hakuondoka mara moja. Alisimama akichezea funguo, akasema, "Dada, mimi ni dereva, kazi yangu usukani." Halafu akaondoka.

Mama ndiye aliyeuonja. Alikata kipande, akatafuna, akakata kingine. "Huyu anajua," akasema. "Nani huyu?" Nikafungua mdomo kusema jina, yakatoka yote. Kikao, daftari, Bibi na picha niliyomchorea, swali, jibu. Nilisimulia nikiwa nimesimama, nikikunja vitenge ambavyo vilikuwa vimekunjwa. Nililia kidogo, na nikakasirika kwamba ninalia, kwa sababu aliyepotezewa hakulia.

Nilitegemea Mama anifokee, au aseme ndiyo maana nasema kuuza hakusomewi. Alisafisha kisu kwanza. Kisha akasema, "Mteja ukimuuzia ghali atakununia, halafu atarudi. Lakini ukimwambia kitenge hakichuji, nacho kikachuja, huyo umemkosa. Sasa wewe huyu wako hajakifua bado. Utamwambia kabla, au utangoja akifue?"

Nikamwambia nikisema nitapoteza kazi. Akasema inawezekana. Nikamwambia Mama Adela anaweza asinitake tena kwake. Akasema hilo pia linawezekana. Nikamwambia labda kumwambia ni kumuumiza tu, aendelee na mkate wake mdogo, mimi nimsaidie kimyakimya, nimtafutie maduka, shule, nifidie kwa jasho. Mama akaniambia nimpishe, nimemsimamia mteja kwenye mwanga.

Hoja hiyo ya mwisho naijua. Ni ileile niliyoipamba mwanzo, imebadilisha nguo tu.

Maana fikiri, ewe usomaye, au wewe shajara, au yeyote aliyeko huko. Mama Adela sasa hivi anaamua mambo. Anaamua aoke ishirini au arobaini. Anaamua alibomoe tanuri kubwa ajenge dogo, au asubiri. Anaamua amwambie Bibi nini kuhusu pale penye uwazi mlangoni. Na katika kila uamuzi anaweka kitu kimoja kama mtu anavyoweka jiwe la jiko, kwamba Mwalimu akijua jambo, huniambia. Jiwe hilo halipo. Yeye anateleka chungu.

Na mimi nimekaa hapa nakiri kwa herufi kubwa na ndogo. Nimeandika yote, sijajificha, karibu nijisikie jasiri. Nani atasoma? Vijana wa Dar, rafiki yangu wa chuo aliyeko Mwanza, mtu mmoja wa Ughaibuni anayeniandikia "endelea dada". Mama Adela hajawahi kuona kompyuta ikiwaka. Nimechagua kutubu mahali pekee ambapo hawezi kunisikia, halafu najipongeza kwa ukweli wangu. Hapana. Hii haihesabiki.

Jamaa wa intaneti amekuja kuniambia jenereta lina mafuta ya nusu saa. Vizuri. Nikipewa muda nitaanza kuipamba na hii.

Nimeifanyia mazoezi sentensi yenyewe. "Mama Adela, nilikuwa najua." Nimeisema nikitoka dukani, nimeisema nikivuka barabara, muuza karanga akadhani namsemesha yeye. Maneno matatu baada ya jina lake, kumbe hata matatu hayafiki, ni mawili. Nimeyahesabu mara ngapi nikitumaini yataongezeka, niweke na "lakini" hapo katikati. Hakuna nafasi ya "lakini". Baada ya hapo nitamwambia mkate ni laini, maana ni kweli, na atakuwa na haki ya kutoniamini hata katika hilo.

Halafu itabidi nimtafute Bibi. Kwa Bibi sijapata sentensi.

Gari la kwanza la Ntobeye linaondoka kesho saa kumi na mbili asubuhi. Nimemwomba Mama aniamshe. Nimemwambia nikisema naumwa, asiniamini.